Umenipitisha Ukiwa Kaburini

Mama Kulwa,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini hapa kituoni Runzewe watu wanakutumia kama mtu aliye hai, na sitaki niwe mimi peke yangu nisiyekuamkia.

Wiki iliyopita ulinipitisha. Nilifungua potifolio yangu ya chuo, ile ya mtandaoni uliyokuwa ukilalamika kwamba inakumalizia bando, nikakuta: "Kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: ameweza. Vizuri sana." Chini yake jina lako, kama msimamizi wangu. Mama, tulikuzika Ushirombo kabla ya Pasaka. Udongo niliutupa kwa mkono wangu.

Hasira zilinipanda mpaka nikakaa chini pale pale, kwenye korido ya wodi ya wazazi. Wewe hujawahi kuniandikia "vizuri sana" hata siku moja. Uliandika "Rudia." Uliandika "Mikono yako ina haraka." Na kwenye kipengele hicho hicho uliandika "Bado," kwa sababu nilikuwa nimekifanya kwa mwanasesere tu, na mwanasesere, ulisema, hafi. Nilinuna siku nzima. Ukaniletea kiazi cha kuchemsha, ukasema, "Nuna, lakini kula."

Nilimfuata mganga mfawidhi. Hakukana hata kidogo. Alisema chuo hakijasajili msimamizi mwingine, wanafunzi tunamaliza mwezi huu, kishikwambi chako kipo, na nywila uliiandika kwenye plasta ukaibandika nyuma yake. Akakaa na chai yake akatupitisha wote, kila kipengele kilichobaki.

"Mama Kulwa angefanya hivyo hivyo," akaniambia. "Alikuwa anawapenda."

Angefanya hivyo hivyo. Wewe, uliyemrudisha mpwa wako mwenyewe mara tatu kwa sababu ya sindano moja. Niliondoka, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitamtukana mtu mzima.

Na wewe pia nimekukasirikia. Nani anabandika nywila nyuma ya kishikwambi? Nilikwambia. Ukasema kichwa chako kimejaa, hakina nafasi ya namba. Na presha, uliyokuwa unawapima akina mama wote wa Bukombe, yako ukaiacha kwa nini? Ungekuwepo nisingekuwa na vita hivi.

Kuna zahanati upande wa Buseresere, kule machimboni, wananisubiri nikimaliza. Muuguzi ni mmoja tu. Mtoto atazaliwa kimya, mama yake atanikodolea macho, na cheti changu kitakuwa kimeshasema naweza. Siwezi. Sijawahi. Mimi naogopa, Mama Kulwa, na sioni aibu kukwambia.

Basi nikaandika kwenye ukurasa wa tafakari, ule ambao walimu wanausoma: "Aliyenipitisha ameshafariki. Naomba mfute."

Kesho yake mwalimu akanipigia kutoka Shinyanga. Wamefuta yangu, na ya wenzangu wote. Hakuna anayemaliza mwezi huu. Mfawidhi ananipita kama ukuta. Wenzangu tuliokuwa tunapika pamoja wametenga sufuria yao. Rehema, ambaye tumelala kitanda kimoja tangu mwaka wa kwanza, alinitazama usoni akasema, "Umejifanya mtakatifu. Sisi kuna watu nyumbani wanatusubiri." Kana kwamba mimi sina. Baba yangu kule Maganzo ameshaalika ukoo mzima kwenye sherehe yangu, na sijapata ujasiri wa kumpigia.

Mtu aliyeghushi jina lako anaamkiwa kila asubuhi. Mimi niliyesema, nakula peke yangu. Wala sijui nilitegemea nini.

Lakini usiku wa kuamkia leo nililala, mama, nikalala kweli.

Kwaheri sasa. Nakuahidi sitaondoka hapa na kitu ambacho sikukifanya. Watamleta msimamizi mwingine, nami nitasimama karibu naye kila mzazi atakapoingia, mpaka aje mtoto asiyelia. Nitampulizia hewa huku yeye akiniangalia mikono. Asiporidhika, aandike kwamba hajaridhika, na nitaanza upya hata kama Rehema na wenzake watakuwa wameshapata kazi.

Wabeja, mayu. Asante, mama, kwa kuninyima.

Kabula