Babu Valko na Kisanamu cha Shimo la Nne

Familia ya Profesa Valko Dimchev, taa ya elimu ya mambo ya kale katika Balkani nzima, inatangaza kwa taadhima kuu kwamba mwaka umetimia tangu ulipotutoka, Babu. Hili ni tangazo la pili. La kwanza tulilibandika langoni, mbuzi wa jirani akalila.

Viangazi arubaini ulichimba kilima cha watu wa kale, mfuasi wa Marx hadi mwisho. Meko ya nyumba zao yalilingana, ulisema, kwa hiyo hapakuwa na bwana wala mtwana. Kisha mmoja akafungia nafaka peke yake, akahitaji mungu wa kuilinda. "Ghala kwanza," ulitufundisha, "itikadi baadaye."

Hata banitsa, ile pai ya jibini, uliikata kwa kamba ya kupimia, vipande sawasawa.

"Valko, mimi ndiye niliyeipika!" Bibi Zlatka alilalamika.

"Ndiyo maana nakuogopa, mke wangu. Ubwana ulianza hivyohivyo."

Kiangazi chako cha mwisho, ndani ya ghala la shimo la nne, ulichimbua kisanamu cha udongo. Ulitabasamu, ukakifunga kwenye pamba. Jumamosi hii, tukishagawana ngano ya kuchemsha ya kumbukumbu kaburini, jumba la makumbusho litakiweka kwenye kabati la kioo, jina lako chini yake, kiwe ushahidi wa mafundisho yako yote.

Tangazo lilipaswa kuishia hapo. Lakini jana Bibi alilifungua daftari lako mbele ya mjukuu wako Ognyan, aliyekuwa akiandika haya kwa mwandiko wake bora wa shule ya bweni. Humo umeandika: "Kisanamu kimechomwa katika oveni ya Zlatka. Alama ya kidole gumba ni ya Ognyan. Kisiorodheshwe. Atasema mwenyewe."

"Haya, bwana ghala," Bibi akamwambia, "mungu umeshatuletea. Sasa mwandikie babu yako."

Basi, Babu, ni mimi. Nilikifinyanga ili upate mungu wa ghala lako, nikakifukia ulipokuwa ukinywa kahawa na mwenzako Gancho. Leo asubuhi nimewapigia simu makumbusho: kabatini vitakaa vigae vyako na michoro ya meko yako. Hoja yako imesimama miaka arubaini bila udongo wangu. Na Jumamosi ngano nitaigawa mimi, kijiko kwa kijiko, Bibi akinisimamia.

Wanaokukumbuka: mkeo Zlatka, binti yako Nevena, mchimbaji mwenzako Gancho, na mimi Ognyan, uliyenigundua tangu siku ile, ukaningoja niseme mwenyewe. Hatutakusahau kamwe.