Karatasi za Malam Haruna

Lewisham, London

Baba yangu,

Shikamoo. Salamu zikufikie hapo Wete wewe na wote wa nyumbani. Kifua kimekuachia? Na watoto wa chuoni, bado wanakutoa jasho? Mimi mwili mzima, ila roho imenichafuka, na sina wa kumwambia ila wewe.

Katika nyumba ya wazee ninayofanyia kazi tulimpokea Mhausa wa kaskazini ya Nijeria, Malam Haruna, mwalimu wa chuo cha Kurani kama wewe. Bintiye Hauwa aliniambia kwao watoto huandika ubaoni kwa wino wa masizi, na kwa herufi hizo hizo za Kiarabu watu huandika Kihausa: barua, mikataba ya sokoni, hata dawa. Kama babu alivyokuwa akiandika Kiswahili. Tena kalamu wao huita alkalami, na habari ni labari! Mzee kapasuliwa koo, sauti hana. Meneja wetu kamjazia fomu: hajui kusoma wala kuandika. Kisa, Kiingereza hakijui! Nilitamani kumtemea mate.

Mzee akawa kila siku anaandika karatasi, anatunyooshea. Meneja akasema, "Anachorachora tu, tupeni." Mimi nikaziokota pipani kwa hasira. Si ulitufundisha karatasi yenye herufi hizo haitupwi? Nikajua ni dua. Nikazibusu, nikaziweka juu ya kabati. Siku nne, Baba. Na mguu alikuwa akiuonyesha. Wenzangu wakamvika soksi za pili, wakidhani anaona baridi.

Siku ya tano nikasikia harufu. Nikavua zile soksi. Kisigino kimeoza, usaha unachuruzika, wallahi nilitapika. Meneja kasimama mlangoni kaziba pua, ananiuliza mbona mzee hakusema!

Ndipo nikazishusha zile karatasi, nikampigia Hauwa simu, nikamsomea. Mimi herufi nazijua, Kihausa sikijui. Yeye Kihausa anakijua, herufi hazijui, kazaliwa hapa. Nilipotamka "kafata" akaangua kilio. "Anasema mguu wangu! Mguu wangu unauma, niangalieni." Karatasi zote nne ni maneno hayo hayo, kwa hati nzuri, irabu zote mahali pake.

Mguu umekatwa chini ya goti. Sasa meneja anataka nitie saini kwamba mgonjwa hakueleza maumivu. Sitii ng'o, hata wanifukuze. Nimeandika kwamba alieleza mara nne. Lakini anayenitia kinyaa zaidi ni mimi mwenyewe. Yule alizitupa kwa kuwa hajui kuzisoma. Mimi mtoto wa mwalimu najua, na sikusoma hata mstari mmoja. Nilizibusu tu.

Nisalimie Mama, kaka Ali anayekusaidia kusomesha, na shangazi Mwanaisha wa maandazi. Jumapili nakwenda hospitali kumwona Malam, na sijui nitamtazama kwa jicho gani. Niwie radhi, Baba.

Mwanao,
Salma