Kasa Aliyerudishwa Majini Mara Mbili

Jumapili, kijijini Matulo. Mvua inanyesha tangu tulipotoka kanisani, na hasira yangu haijapoa.

Akina mama wa kanisa letu la Bungoma wamerudi kutoka mkutano wa Pwani. Leo walitoa ushuhuda, na video yao ikaonyeshwa ukutani mbele ya waumini wote. Mke wangu ndiye mwenyekiti wao, kwa hiyo yeye ndiye aliyesimulia.

Alfajiri walikwenda ufuoni kuomba. Wakamwona kasa mkubwa akijikokota mchangani, akipanda kuelekea vichakani. Wakaamua kwamba amepotea njia na hayaoni maji. Wakapitisha leso walizojifunga chini yake, wakamwinua wanane kwa pamoja, wakamrudisha baharini huku wakiimba. Mwanamke aliyezoea kubeba gunia la mahindi hashindwi na kasa.

Kasa alitoka tena majini. Wakambeba tena.

Hapo kanisa zima lilicheka. Mke wangu akasema kwamba mnyama huyo alikuwa mkaidi kama mwenye dhambi anayekimbia wokovu, lakini mwishowe alitoa machozi ya shukrani. Watu wakapiga makofi.

Nilifundisha Pwani miaka mingi kabla ya kuhamishiwa Kitale, kisha nikastaafu na kurudi hapa. Najua kwamba macho ya kasa hutoa chumvi, hayatoi shukrani. Najua pia kwamba kasa jike huja nchi kavu kwa haja moja tu. Husafiri mbali baharini, hupanda mchanga, huchimba shimo, hutaga, hufukia, huondoka. Anayemwona hukaa mbali na kunyamaza.

Nikasimama, nikasema kwamba alikuwa amekuja kutaga.

Mchungaji akatabasamu. "Mwalimu, hapa hatuko darasani."

Waumini wakanicheka kuliko walivyomcheka kasa. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba huyu mzee, hata malaika akiteremka, atamsahihisha. Kisha mchungaji akatangaza kwamba kanisa la Kitale nalo linapeleka akina mama wake ufuo ule ule, na kwamba Jumamosi mke wangu atakwenda kuwafundisha namna ya kuwaokoa viumbe hao.

Kuwaokoa.

Mlangoni mwa kanisa waumini walinijibu mmoja baada ya mwingine kwamba nia ilikuwa njema. Nimechoka na nia njema isiyouliza swali. Mtu akifika kwako jioni na mzigo kichwani, humuulizi anakokwenda kabla ya kumgeuza arudi alikotoka?

Nyumbani mke wangu aliweka chai mezani, akasema, "Baba Wafula, si ungeniambia tukiwa hapa?"

Nikamjibu kwamba hapa sikuonyeshwa video yoyote. Nikamwambia pia lililokuwa likinichoma. Maisha yake yote ya kazi alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Nusu ya watoto wa kijiji hiki waliiona dunia mikononi mwake. Ni yeye, si mwingine, aliyemgeuza mzazi huyo wa baharini mlangoni.

Alisukuma kikombe chake kando.

"Ile mara ya pili nilimsikia akihema," akasema. "Kuhema kule nakujua tangu wodini. Lakini wenzangu walikuwa wanaimba, na wimbo ni mimi niliyeuanzisha."

Alijua.

Mchana kutwa nilidhani ninakasirikia ujinga. Ujinga hufundishwa ukaondoka. Nimeishi kwa kazi hiyo. Hili la kujua na kuendelea kuimba sijui nilifanye nini. Wala sijui kama kasa yule alipata ufuo mwingine usiku uliofuata, au kama mayai yake yalimwagika baharini. Hakuna ajuaye.

Nimemwambia ayaseme maneno hayo Kitale, kama alivyoyasema hapa mezani. Ameinuka, amekwenda kuwafungia kuku.

Jumamosi nitakwenda naye, nami nitakaa kiti cha mbele. Asiposema yeye, nitasema mimi, na wacheke tena.