Bomba la Juu: Shibiri Tatu au Mbili na Nusu

Jumatatu, 5/8/2002
Kabla ya kwenda bandarini, mume wangu Ilias ameniambia: fundi wa baiskeli Atumani ana velo mbili za kurse, chagua moja. Mi nikasikia kursi! Nikamubeba Assia mbio, nikajua kuna velo yenye kiti cha mutoto. Atumani amecheka mpaka bisibisi ikamuanguka. Kurse, Mama Assia, kurse — za mashindano! Haya. Hata hizo zinatembea. Nikienda kwa mama yangu huko Carama kwa miguu, nikifika tu ni wakati wa kurudi, barabara inafungwa na askari, sababu ya vita. Naye nyonga inamuuma, yuko peke yake, kuhama hataki. Kwa velo nitapata hata kumupikia.

Jumanne, 6/8
Nikasema zote ni sawa tu. Atumani: We! Pima kwanza.
Nimepima kwa shibiri. Bomba la juu, toka kiti mpaka gido ya kushikia: ya buluu tatu kamili, nyekundu mbili na nusu. Vidole vichache tu! Lakini kwenye buluu nainama kama nafua nguo, kwenye nyekundu nakaa kama mgeni mezani. Na furshe, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele — ya buluu imesimama, ya nyekundu imelala. Kwa nini? Iliyosimama inakata kona haraka, anasema, iliyolala inatulia. Sikujua chuma nacho kina tabia.

Alhamisi, 8/8
Nimefunga kilo saba za unga, uzito wa Assia, mgongoni kwa kitenge, nikajaribu. Buluu! Inaruka! Hamissi muuza makaa akapiga kelele: Huyo mutoto kafanana na babake!
Kisha nikamufunga Assia mwenyewe. Apana. Unga haugeuki kutazama kuku. Nikiinama, anapanda mpaka shingoni, anavuta masikio yangu. Kwenye nyekundu akalaza shavu mgongoni, kimya.
Nyekundu basi.

Ijumaa, 9/8
Ilias anasema buluu ndiyo kali. Nikamujibu: we unabeba magunia, hayavuti masikio.

Jumapili, 11/8
Carama. Tumefika jua bado liko juu, Assia amelala njia yote! Nimepika mboga za lengalenga, mama amekula sahani mbili.
Halafu milio ya bunduki. Mbali, lakini siyo mbali sana. Jirani, Consolate, amepita na godoro kichwani: leo wanafunga barabara mapema, saa kumi. Mama, ambaye kila siku anasema nyumba haina miguu, ameingia ndani kufunga nguo zake. Naandika nikimungoja.
Ametoka. Anaizunguka velo. Anauliza: Sasa mi nakaa wapi?
Nyuma hakuna kitu. Ni juu ya bomba tu, mbele yangu. Shibiri mbili na nusu! Kwenye buluu angeenea. Nyonga yake ile, magoti yangu haya, na Assia mgongoni...
Velo imeegemea ukuta. Amepanda kwa upande, ameshika gido kwa mikono miwili. Anasema: Wee binti, acha kuandika, njoo uone goti lako litapita wapi.