Blanketi Linalofumuliwa kwa Kidole

Jumatatu, 3 Machi

Haya, umerudi. Miezi mitatu! Ulikuwa wapi, bibi wewe? Umeliacha daftari chini ya mfuko wa foronya mbovu mpaka panya wamekula gundi ya jalada. Na usiniambie ulikuwa na kazi. Kazi unazo tangu hujaota meno ya pili. Daftari hili lina msomaji mmoja tu, naye ni mimi mwenyewe, na hata huyo mmoja haonekani. Aibu.

Basi kaa. Kuna habari.

Chiriku amepata! Mjukuu wangu. Jina tulimpa kwa kejeli, maana anaweza kumaliza siku nzima kwa maneno sita. Kuna tovuti inayoonyesha sanaa za mtandaoni — si picha za kutundika ukutani, hapana, ni vitu vinavyoishi humo humo kwenye intaneti, ukitaka kuviona unavifuata huko. Wamechagua kazi kumi na mbili tu kutoka dunia nzima. Ya kwake imo. Itakaa mwezi huu wote, mpaka tarehe thelathini na moja.

Leo kanionyesha kwenye kibao chake, ile tableti anayoiacha nyumbani. Nikavaa miwani. Nikaona blanketi langu.

Langu! Lile nililomshonea mama yake akiwa bado tumboni mwangu, kwa vipande vya shuka zilizotupwa na hospitali. Bluu ya wodi ya watoto, kijani ya chumba cha upasuaji. Lenyewe tulimfunika nalo mwanangu siku tulipomzika, mwaka wa nane huu. Chiriku amelichora upya kutoka kwenye picha moja. Mishono elfu moja na mia mbili, amesema. Hata ule mmoja wa katikati uliokwenda upogo kaukumbuka.

Kona moja ilikuwa na matundu. Nikadhani bado anamalizia. Amesema wageni wataligusa. Nikamwambia wanawe mikono kwanza.

Ee Mungu, asante kwa mtoto wa mtoto.

Jumatano, 5 Machi

Wamelitoboa!

Nimetoka kazini, Chiriku bado yuko kwenye duka lake la kuchapa. Nikafungua kibao nilitazame tu blanketi. Kona nzima imeachia. Nimekaa hapo hapo naangalia, mshono mwingine ukatoka wenyewe. Kuna mtu, sijui yuko wapi, anavuta.

Pembeni pana picha ya sindano. Nikaigusa. Nikagusa tundu. Uzi ukarudi!

Sasa nisikilize. Miaka arobaini na mitano nimekaa chumba cha kushonea, nyuma ya sehemu ya madobi wa hospitali. Kustaafu wameniambia mara mbili, nimesahau mara mbili. Shule sikuikanyaga, herufi nilijifunza palepale, kwa majina ya wodi yaliyopigwa mhuri kwenye pindo. Shuka likifika mezani kwangu limechanika, haliondoki limechanika. Leo nikae nitazame la mwanangu linafumuliwa na watu nisiowajua?

Nimeshona mishono thelathini na minane. Chai imepoa. Sikumwambia Chiriku. Ana mambo mengi kichwani.

Jumamosi, 8 Machi

Utaratibu wangu sasa: uso, sala, Chiriku atoke, blanketi. Wafumuaji wana bidii, nawapa heshima yao. Wanatoa arobaini, narudisha arobaini. Tumeshazoeana. Magoti hayaumi nikiwa nashona. Nimemwambia jirani, yule mke wa fundi bomba, kwamba nimepata kazi ya pili, iko kwenye mtandao. Kanitazama kama nimeota pembe.

Jumatano, 12 Machi

Chiriku hali. Nimemuuliza, kasema hana njaa. Sahani imekwenda mezani na imerudi vilevile.

Jioni alizungumza kwa video na mama anayeisimamia ile tovuti. Nilikuwa nakunja nguo. Nguo zinakunjwa, masikio hayakunjwi. Yule mama kwa upole kabisa kasema wageni wanakuja kila siku lakini kazi haisogei. Kuna hitilafu gani? Ikifika tarehe thelathini na moja haijafunguka, wataishusha kama kazi isiyokamilika. Zinazokamilika ndizo wanazoziweka kwenye ghala lao, zibaki. Chiriku akajibu amekagua kila mstari na haoni kosa. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto.

Haijafunguka? Blanketi linafungukaje?

Nadhani naijua hiyo hitilafu. Inakunja nguo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema. Jana nzima nilishinda nalo tumboni. Asubuhi hii, kabla hajavaa viatu, nikamwambia: Mke mwenzangu, kaa chini. Hitilafu yako inavaa miwani. Nikamwonyesha sindano.

Akatazama kibao. Akanitazama mimi. Nilitegemea anifokee, ningepumua. Alicheka kwanza, kilio kikafuata humo humo. Halafu akazungumza — maneno mengi kuliko ya mwaka mzima. Ile sindano ni ya mwenye kazi peke yake. Aliiweka ya kurekebishia makosa, akasahau kwamba kibao cha nyumbani kinafungua kwa jina lake. Wageni hawana sindano. Wana kidole tu, na kila simu inafumua mshono mmoja kwa siku. Hawaharibu. Ndiyo kazi yenyewe. Wanafumua kwa sababu kuna kitu chini.

Kitu gani?

Akajibu: "Sauti ya mama."

Nikakaa kwenye kapu la nguo. Zilikuwa mbichi. Sikujali.

Sekunde kumi na mbili. Mwanangu aliituma kwenye simu ya Chiriku siku yake ya mwisho, akiwa wodini, maana simu yangu ya vitufe haipokei mambo hayo. Aliandika chini: mpe Bibi. Chiriku alikuwa na miaka kumi na minne. Akasikiliza neno la kwanza, akazima, hajaifungua tena mpaka leo. Neno lenyewe ni "Mama". Basi. Mbele ya hapo hajui, nami sijui.

Nikamuuliza mbona hakunipa, miaka yote hii. Akasema: "Nilishindwa kukupa mkononi, Bibi. Nikaona watu wengine wanisaidie kufungua."

Sasa niandike, maana hapa hayupo mwingine. Asubuhi ile nilimfokea mwanangu. Nilikuta vidonge kaficha chini ya mto. Nikamwambia: unanichosha. Nikashuka ghorofa moja kwenda kushona shuka za watu. Ndilo neno langu la mwisho kwake. Chiriku alikuwa amesimama pale pale kando ya kitanda, alisikia. Ndiyo maana akazima. Aliogopa nitakachojibiwa.

Hata mimi naogopa.

Kasema tuisikilize sasa hivi, iko kwenye simu yake. Nimekataa. Watu wamefumua wiki mbili, mimi nawarudisha nyuma kila asubuhi, halafu niruke foleni? Foleni za hospitali nazijua. Nitangoja zamu yangu.

Jumamosi, 15 Machi

Sikushona. Mikono inawasha.

Jumatatu, 17 Machi

Chiriku kapiga hesabu. Imebaki zaidi ya mishono elfu moja, siku kumi na tano. Wageni arobaini kwa siku hawatoshi, na hana uso wa kumwomba yule mama muda zaidi. Nikamwambia nichapie huo mraba wenye vidoti, ule unaoelekezewa simu. Kauchapa mkubwa, kwenye kitambaa. Nikaushona kifuani kwenye aproni yangu ya kazi.

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa na watu sitini, kila mmoja na simu, hana la kufanya. Nikasimama mbele yao. Toeni simu, elekezeni hapa, na msinitazame usoni, sina kipya. Fumua mshono mmoja, basi. Mzee mwenye bandeji kauliza hii ni dawa ya nini. Nikamjibu ni ya mjukuu wangu. Akafumua.

Nesi mkuu akaja kunifukuza, mikono kiunoni. Nikamwambia na aanze yeye. Akaanza.

Alhamisi, 20 Machi

Madobi wote wamefumua. Wapishi wote. Daktari wa upasuaji alivua glavu kwanza, akautoa uzi polepole kama anatoa nyuzi za kidonda, kisha akaomba wa pili. Nikamwambia kesho, wewe si mgonjwa wa dharura.

Mama mmoja anayeuguza mtoto wake ghorofani aliniuliza chini kuna nini. Nilimwambia ukweli. Tangu juzi ananitafuta yeye, simu iko tayari mkononi. Jana alikuja na wenzake wanne wa wodi ileile.

Nitawashukuruje watu hawa? Majina yao siyajui. Langu hawalijui, wananiita Bibi Blanketi.

Jumanne, 25 Machi

Mama wa tovuti kapiga tena. Chiriku alishamweleza. Akataka kuniona, nikavaa kitambaa kizuri. Kacheka mpaka kafuta macho. Akauliza kama anaweza kuandika kwenye ukurasa kwamba ule ushonaji wangu ni sehemu ya sanaa. Nikamwambia hapana, andika bibi alikosea. Usinipake rangi.

Ila nilimshukuru, na nilimaanisha. Kitu kisichoshikika, kisicholipiwa kiingilio, yeye kakijengea nyumba na mlango anauacha wazi kwa yeyote. Mjukuu wangu alikuwa anatengeneza mambo haya chumbani peke yake, mimi nikidhani anapoteza macho. Nilimwambia na hilo. Chiriku alikuwa nyuma yangu, nikamsikia anavuta kamasi.

Jumapili, 30 Machi

Imebaki hamsini na kitu. Chiriku kala sahani mbili. Mimi sijala vizuri. Unaweza kuogopa sekunde kumi na mbili? Unaweza.

Nimemwambia: kama amenijibu vibaya, nilistahili, na wewe usijilaumu kwa kunipa au kutonipa. Kanishika mkono. Mkono ulitosha.

Jumatatu, 31 Machi

Mmoja.

Saa tatu asubuhi ilikuwa imebaki mishono kumi na tisa. Saa sita, minne. Mzee wa bandeji kaja kwa miguu yake ingawa hana siku ya kliniki, kafumua wake, kaondoka. Wa pili kutoka mwisho kautoa yule mama wa ghorofani. Mtoto wake ameruhusiwa kurudi nyumbani leo; alisimama mlangoni na mizigo yake, mtoto mgongoni, akafumua ndipo akatoka. Nesi mkuu kaniambia nenda nyumbani, shuka zitakungoja, na mimi — ambaye sijawahi kuondoka kabla ya saa — nikaenda.

Huu mmoja hauvutiki kwa simu ya mtu mwingine. Chiriku ameufunga, kwa ruhusa ya mama wa tovuti. Unafunguka kwenye kibao hiki tu. Sindano ameiondoa. Mimi sasa ni mgeni kama wageni wengine, nina kidole.

Ni ule uliokwenda upogo. Sikuwahi kumwambia Chiriku kwa nini ulienda hivyo. Nimemwambia leo. Nilikuwa nashona, mimba ya miezi mitano, nikapigwa teke la kwanza. Sindano ikaruka. Sikuufumua, nikasema huu kashona mwenyewe.

Sasa ni saa kumi jioni. Tovuti inafunga maonyesho saa kumi na mbili. Chiriku kakaa hapa, bega lake kwenye bega langu, ananingoja nimalize kuandika. Anajua nachelewesha.

Kidole nimekinawa. Miwani nimefuta.

Asante, mwanangu, hata kama ni kunigombeza. Asanteni nyote mliofumua.

Na wewe bibi, safari hii usipotee miezi mitatu. Ukilifungua tena daftari hili usianze na habari za magoti, wala panya. Keti, shika kalamu, na kabla ya jambo jingine lolote uandike hapa chini neno la pili alilosema.