Pesa za Jicho la Chiriku

Chumba Na. 14, uani,
Nyuma ya duka la kufulia nguo.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Barua hii imeandikwa na mtu ambaye akilala na homa siku mbili, mji huu wote unapanda ngazi kwa miguu. Majengo kumi na moja yana lifti, na lifti zote kumi na moja zinamjua mjomba wako kwa mkono wake. Siku moja mkubwa wa benki kuu alinasa kati ya ghorofa ya nane na ya tisa. Wahandisi watatu wenye tai walishindwa. Nikaitwa mimi wa darasa la tano, nikagonga mara moja tu, mlango ukafunguka wenyewe kama umeona mkwewe. Yule mkubwa alinikumbatia mpaka grisi ikamwingia kwenye koti.

Hujambo lakini? Kifua chako kimetulia? Na mama yako, Chiriku wetu, anaendeleaje? Bado anasema kutwa hata kama haoni anayesema naye? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linasumbua asubuhi, ila likishapashwa moto linatii.

Nimepata barua yako na nimeisoma mara nne. Uliandika, "Mjomba, sema kweli, hizo pesa zipo au hazipo?" Neno hilo lilinichoma, lakini sikulaumu. Ukiwa unamshika mama mkono kumpeleka msalani, na daktari ameshasema jicho la pili lifanyiwe upasuaji kabla ya tarehe ishirini na nane ya mwezi ujao la sivyo lisahaulike, hata mimi ningeuliza hivyo, tena kwa ukali zaidi.

Zipo, mwanangu. Zimo benki, kwa jina langu, za upasuaji zote na za nauli yenu juu yake. Nimeziweka kwa miaka sita. Kila Jumatatu naenda kuziuliza hali. Ila hazitoki. Ni sawa na kusimama juu ya kisima kilichojaa, kamba umenyang'anywa.

Nikueleze ili uelewe. Nchi hii imeishiwa na pesa za kigeni. Kwa hiyo wametoa sheria: sisi wageni tunaruhusiwa kutuma nje theluthi moja ya mshahara wa mwezi, basi, na hiyo theluthi nayo inangoja zamu. Uwe umelimbikiza mlima, utautoa kwa kijiko. Ndiyo maana nikatuma kile kidogo cha Januari, mkadhani mjomba amekuwa bahili.

Kuna mlango mmoja tu wa pembeni. Matibabu ya ndugu wa damu. Ukileta barua ya hospitali na fomu yao ya kurasa tatu, wanaachia zote kwa mkupuo.

Usidhani ni mimi peke yangu. Hapa uani tunaishi na mwokaji mikate, mtu mpole, kwao ni mbali kuliko kwetu. Mtoto wake ameanza kutembea, naye ameona kwenye picha tu. Alichoka foleni akampa pesa jamaa mmoja wa kichochoroni aliyeahidi kuzifikisha kwa njia zake. Zilifika nusu. Nusu nyingine, jamaa anasema, ililiwa na barabara. Mwokaji hakupiga kelele, maana angeshtaki wapi? Alirudi kukanda unga. Mimi mkate wake nikiula siku hizi naumeza polepole.

Jamaa huyo alinifuata na mimi. "Mzee, ndani ya siku mbili kwenu wanazishika." Nikamwambia, hizi ni za jicho la dada yangu, hazipiti kwenye uchochoro unaonuka. Akacheka, akaniita profesa. Nikakubali, maana hakukosea sana.

Hata karani wa benki si mtu mbaya. Ni binti wa rika lako, macho mekundu kwa kutukanwa kutwa. Siku moja mama mmoja mfua nguo alilia mbele ya dirisha lake, na yule binti akashusha pazia akalia upande wa pili. Sheria hakuitunga yeye. Anapewa mhuri tu na kuambiwa agonge.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo kazi yako ilipo. Benki wanataka cheti cha undugu. Nenda ofisi ya serikali ya hapo kwenu, pamoja na mama, waandike kwamba mimi na yeye ni wa baba mmoja na mama mmoja, wapige mhuri wa wino, si wa kunakili. Tuma karatasi yenyewe kwa rejesta. Ikifika kabla ya tarehe ishirini ya mwezi ujao, pesa zitawahi. Usingoje wiki iishe.

Msalimie baba yako, mwambie redio yake sijaisahau. Shangazi yako wa dukani mpe salamu zake, na wale mapacha wa jirani wanaomsomea mama magazeti, waambie mjomba amewawekea viatu. Mola awafungulie kila kilichofungwa, na mama yako aione sura yako kabla mvua hazijakatika.

Ni mimi nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika,

Mjomba wako.

Nimeshatia sahihi lakini mkono umekataa kufunga bahasha. Cheti hicho si sheria, mpwa wangu. Wengine hawadaiwi. Barua ya daktari uliyonitumia niliipeleka siku ileile bila kuisoma. Karani akasoma jina la mgonjwa kwa sauti, akauliza, "Huyu ni nani wako?" Jina refu, la kwenye vyeti. Mimi toka azaliwe namwita Chiriku. Alipoandikishwa shule nilikuwa nimeshatoroka shule. Nikasema kwa sauti kubwa, foleni nzima isikie, "Huyo simjui! Hospitali imekosea, mtafuteni mwenyewe!" Binti akagonga mhuri: si ndugu, akanirudishia barua. Nimefika kwenye ngazi za nje ndipo nikaisoma, nikaona jina la baba yetu mwishoni mwa lile jina refu. Nikarudi mbio. Akaniambia, "Mzee, saa tatu humjui, saa tatu na robo ni dada yako?" Foleni ikacheka mpaka mlinzi akacheka.

Kwa hiyo waombe waandike kwenye cheti "anayeitwa pia Chiriku". Mama usimwambie kwamba nilimkana. Jicho likipona nitamwambia mwenyewe, kwa simu, nikiwa mbali hivihivi.