Siiuzi Pikipiki, Chiriku

Ghorofa ya pili, mlango wa mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha uchapaji.
Jumapili asubuhi, 9 Machi

Mpendwa Chiriku wangu,

Hujambo mwanangu? Kifua kimepona? Mama yako aliniambia baridi ya huko ilikukamata ukakohoa mpaka wenzako wa maabara wakakurudisha nyumbani. Funika shingo, kunywa vya moto, na usinijibu kwamba wewe si mtoto tena, maana kifua hakijui umri. Huku sisi tu wazima. Goti langu la kulia bado linanung'unika nikipanda ngazi, lakini mimi nalo tumezoeana kama mke na mume waliochoka kugombana. Baba yako mkubwa presha yake imetulia, ingawa anadai kwamba anayempandishia ni mimi.

Ujumbe wako nimeupata. Umenyamaza miezi mizima, halafu unaniletea maneno mawili: "Shangazi, iuze." Niliyasoma nimesimama, nikayasoma tena nimekaa. Najua nani alikupelekea habari, na najua alikupelekea kwa sauti gani. Leo nakuandikia kwa kalamu kwa sababu jambo hili haliandikiki kwa kidole gumba. Isome barua yote kwanza, ndipo unikasirikie.

Ni kweli, nimenunua pikipiki. Si mpya, wala si ile midogo ya kubebea abiria na magunia. Ni ya Kiitaliano, ya ukubwa wa kati, injini mia saba na hamsini, rangi ya kijani cha chupa iliyofifia kwenye tangi pale magoti ya mwenyewe yalipokuwa yakisugua. Silinda zake mbili zimetokeza kulia na kushoto kama viwiko vya mtu anayepenya kwenye foleni. Nilipoiona hivyo nilisema moyoni, huyu ni ndugu yangu.

Aliyeniuzia ni daktari wa meno. Alikuwa ameifunika turubai nyuma ya zahanati yake. Nilikuwa nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu aina hiyo, kwa hiyo nilipofika sikutazama rangi. Nilishika injini kwa kiganja. Ya moto.

"Mbona ya moto, daktari?"

"Nimeipasha kidogo, mama, nikurahisishie."

"Usinirahisishie. Kesho nataka niikute baridi kama mkono wako unapoingia kinywani mwa mtu."

Alicheka, lakini siyo sana. Kesho yake nikaikuta baridi. Ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, kisha ikashika na kunguruma. Hapo nikajua ugonjwa wake na uzima wake, nikanunua. Watu wengi hununua vitu kwa kuambiwa, halafu hulia kwamba wamedanganywa. Mimi nimeishi miaka yote hii kwa kutoamini ninachoambiwa. Nisingeanzia siku ile kuamini.

Kuimiliki ni kazi nyingine. Siku za mvua taa ya kushoto ya kukatia kona ikiwashwa, honi nayo inakohoa. Waya zake zilifungwa na mtu mwenye haraka. Kebo ya klachi ilikatika nikiwa mbele ya ofisi ya gazeti, wenzangu wote wakiwa dirishani, na mhariri wangu akapaza sauti: "Bibi, leo makala yako inasukumwa!" Nikamjibu kwamba makala zangu zimezoea kusukumwa, tena yeye ndiye anayezisukuma kapuni. Nimejifunza kurekebisha valvu mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda, maana vichwa vya injini viko nje, unavifikia bila kufungua nusu ya dunia. Fundi wangu tunamwita Kimya, kwa kuwa haachi kusema. Ananikaripia kila siku kwamba nakaza nati kama ninayemnyonga adui.

Sasa nifike kwenye uchungu wenyewe.

Wewe unajua kwamba tangu baba yako afariki, neno "pikipiki" halitamkwi katika ukoo wetu. Tunasema "chombo". Aliondoka na chombo. Alikuwa juu ya chombo. Watoto waliozaliwa baadaye wanadhani babu yao alizama baharini. Basi mimi nikaleta chombo chenyewe uani kwa baba yako mkubwa, kwa sababu hapa kwangu hakuna pa kukilaza, na kwake kuna geti. Yeye alichukua ufagio akafagia uwanja uliokuwa safi.

Nikasafiri kikazi, nikamwachia ufunguo. Nilirudi mapema kuliko nilivyomwambia, nikasikia sauti yake ndani ya geti, ile sauti aliyokuwa akiwakagulia walimu kabla hajastaafu. Alikuwa anaiuza pikipiki yangu! Alikuwa na mteja, mwenye duka la rangi.

"Nakuambia mapema usije ukanilaumu," alikuwa anasema. "Haina cheni. Nimetafuta pande zote, haina."

"Sasa inakwendaje, mzee wangu?"

"Hilo ndilo swali."

Akaiwasha, akavuta mafuta. Pikipiki ikatikisika ikainamia kulia.

"Umeona? Tena ina kizunguzungu. Mimi siwezi kukuuzia mgonjwa nikakwambia ni mzima."

"Mzee," mteja akasema, "wewe unauza au unatangaza msiba?" Akajiondokea.

Chiriku, nilikuja na hasira za kubomoa ukuta, nikajikuta nimeegemea ukuta huohuo kwa kicheko. Pikipiki ya aina hii haitakiwi kuwa na cheni. Nguvu yake inapita kwenye shafti, fimbo ya chuma inayozunguka, iliyofichwa ndani ya mkono wa nyuma. Na kwa jinsi injini ilivyolazwa, lazima itikisikie kulia ukivuta mafuta. Zote zinafanya hivyo. Kaka yangu alikuwa anawatajia wateja maungo ya mwili kana kwamba ni maradhi, na kwa ukweli wake akawafukuza wote. Mwizi gani huyu asiyejua kudanganya?

Akaniona. Hakujitetea.

"Wote wanakimbia," akasema.

"Haina ubovu, kaka. Ndivyo ilivyoumbwa."

"Haina cheni, haishikiki, ina makelele, na haina ubovu." Akakaa juu ya ndoo. "Kumbe mmefanana." Kisha akasema, akitazama chini, "Nimeshazika mdogo wangu mmoja. Wa pili sina nguvu za kumzika."

Mimi ambaye sijawahi kukosa jibu, nilikosa. Nilikunja turubai nikaingia ndani. Hakujaribu tena kuiuza, lakini siku ileile alikutafuta wewe. Alijua kwamba wewe ndiwe silaha ya mwisho.

Jibu nililolikosa siku ile ninalo leo, na nakuandikia wewe kabla sijampa yeye.

Baba yako hakuuawa na pikipiki. Baba yako aliuawa na lori bovu lililoachwa kwenye kona, jioni, bila taa, bila hata tawi la mti la kuonya watu. Lori hilo lilivutwa kabla hajafika askari wa kupima ajali, na baada ya muda mfupi lilionekana tena likibeba kokoto. Mwenye lori hakuulizwa. Na sisi tulifanya nini? Tulilia, tukazika, kisha tukakaa kikao tukaipiga pikipiki marufuku. Tulikihukumu chuma kwa sababu chuma hakina wakili. Kila tunaponong'ona kwamba chombo ndicho kilichomuua, mwenye lori anageukia upande wa pili anaendelea kulala. Tena tunamtukana marehemu, kwani maana yake ni kwamba alijitakia. Ndugu yangu hakujitakia. Alikuwa anakwenda upande wake, mwendo wa mtu mwenye mke anayemsubiri na mtoto anayepiga soga mlangoni.

Nimeanza kuandika kuhusu malori hayo gazetini. Mhariri kaniomba nipunguze ukali; nikamwomba apunguze matangazo ya wenye malori. Bado tunavutana. Sitaacha.

Mama yako nilimwendea mimi mwenyewe, sikutaka asikie kwa watu. Niliizima mbali nikaisukuma mpaka mlangoni kwake. Wifi yangu alitoka akifuta mikono, akaizunguka polepole. Nilijiandaa kwa kilio, kwa tusi, kwa lolote.

"Washa taa," akasema.

Nikawasha.

"Ya nyuma."

Nikakanyaga breki, akainama akaitazama muda mrefu. Kisha akaingia ndani, nami nikabaki nimesimama kama mshitakiwa. Baadaye nikasikia kutoka jikoni: "Utaninywea chai hukohuko nje?" Hajanipa ruhusa, usije ukamsingizia. Lakini hajasema "iuze".

Kona ile nimeipita. Mara ya kwanza nilisimama kando, nikarudi nyumbani kwa kuikokota sehemu ya njia. Mara ya pili nikapita. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Najua unachokiogopa wewe. Pikipiki huiogopi, ulikua juu ya tangi la baba yako. Unaogopa simu. Unaogopa kuamka huko ugenini ukute baba yako mkubwa amekupigia mara nyingi. Siwezi kukuahidi kwamba simu hiyo haitapigwa. Atakayekuahidi hivyo anakudanganya, na atakudanganya hata kuhusu mtu anayetembea kwa miguu. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: giza likianza kuingia, ninaiegesha popote nilipo. Navaa koti nene na buti hata jua likinikaanga mpaka watoto wa mtaani wananiita mwanaanga. Simpiti mtu kwenye kona. Na matairi nimeyabadilisha kabla sijabadilisha miwani yangu, nayo miwani unaijua ilivyo.

Una haki kuliko sisi sote ya kukasirika. Una haki ya kutoitazama, ya kutoitaja, ya kuninunia mpaka uchoke. Lakini haki ya kuniuzisha sikupi, mwanangu. Nikiiuza leo kwa hofu, kesho utaniomba niache kuandika, maana nako kuna watu wanaonitisha. Keshokutwa nitakuwa kikongwe aliyekaa salama dirishani, na utakuwa umenipoteza bila simu kupigwa.

Mama yako anasema likizo yako imekubaliwa na unakuja mwezi wa sita. Nitakuja uwanja wa ndege kukupokea. Nitakuja na pikipiki, na kofia ngumu mbili. Ukitaka, utapanda nyuma yangu, mizigo ibebwe na teksi. Ukikataa, sitakubembeleza wala sitanuna. Panda teksi na mama yako, nami nitawafuata nyuma kwa mwendo wenu mpaka mlangoni, ili kila ukigeuka unikute bado nipo.

Baba yako mkubwa anakusalimu. Hajui kwamba nimekuandikia haya, lakini atajua, maana nakala nitampa mwenyewe. Mama yako anakusalimu sana. Kimya naye anakusalimu, kwa maneno mengi ambayo karatasi haitoshi. Nisalimie binamu yako mshonaji na mumewe, na yule mama mwenye nyumba anayekupikia supu ukiugua, mwambie nina deni lake la shukrani.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe kifua chenye afya na moyo usiokuwa mwepesi wa kuogopa.

Ni mimi nikupendaye hata ukiwa umeninunia,
Shangazi yako